Harmoniki katika mitambo midogo ya maji na jua: anzia kwenye chanzo, si kwenye kichujio

Waya wa nyutro, unaorudisha mkondo kwenye chanzo, ukipata moto ilhali mzigo haujafika hata nusu ya uwezo wa jenereta, fundi hukimbilia kukaza viunganishi. Afanye hivyo, ni sahihi. Lakini joto likirudi, aangalie umbo la umeme wenyewe.

Umeme wa hetzi 50 unatakiwa kuwa wimbi laini linalojirudia mara 50 kwa sekunde. Chaja za simu, televisheni, kompyuta na taa nyingi za LED hazivuti mkondo kwa ulaini huo. Huuvuta kwa mafungu mafupi, wimbi linapokaribia kilele. Mkondo wa namna hiyo hubeba ndani yake mawimbi mengine ya hetzi 150, 250, 350 na kuendelea. Hizo ndizo harmoniki. Hazimpi mtumiaji faida yoyote, ila hupasha moto nyaya, transfoma na koili za jenereta. Ya tano, yaani ile yenye hetzi 250 (mara tano ya 50), husukuma mota za fezi tatu kinyume na mzunguko wake. Ya tatu, yenye hetzi 150, ndiyo inayochoma nyutro: mikondo yake kutoka fezi tatu haifutani, hujumlishana. Mzigo ukiwa karibu wote wa vifaa vya kielektroniki, mkondo wa nyutro unaweza kufika mara 1.73 ya ule wa fezi. Kwa hiyo nyutro nyembamba kuliko fezi haifai kabisa katika mitandao hii, hata kama inapunguza gharama ya waya.

Gridi kubwa humeza sehemu kubwa ya kero hii. Jenereta ya kilowati 20 haiwezi. Ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, hivyo mkondo uliopotoka huipotosha na volteji, na kila aliyeunganishwa hupokea volteji hiyo mbovu. Kidhibiti volteji cha jenereta nacho kikisoma wimbi lililoharibika huweza kuyumba, na taa zikaanza kupepesa.

Kwenye mitambo ya maji, kabla ya kuwalaumu watumiaji, kagua kidhibiti mzigo. Maji huingia kwenye tabaini kwa kiasi kilekile, na umeme usiotumika hupelekwa kwenye hita. Vidhibiti vingi hutumia thairista, swichi za kielektroniki, zinazokata kila wimbi njiani, na ukataji huwa mbaya zaidi pale wimbi linapokatwa katikati, hita zikiwa zinapokea nusu ya nguvu zake. Dawa ninayoiamini zaidi ni kugawa hita katika hatua zinazowashwa kikamilifu au kuzimwa kabisa. Hita za kilowati 1, 2, 4 na 8 hutoa kila kiwango kuanzia kilowati 1 hadi 15, na thairista hubaki na kazi ya kusawazisha kipande kidogo tu. Kama kidhibiti cha kukata wimbi kimeshanunuliwa, jenereta iwe na uwezo unaozidi mahitaji kwa kiasi cha kutosha ili ihimili joto la ziada.

Kwenye jua, uamuzi mkubwa hufanyika siku ya kununua inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri kuwa wa hetzi 50. Tafuta herufi THD kwenye karatasi ya maelezo. Ndizo zinazoonyesha kiwango cha upotofu wa wimbi, kwa asilimia. Wimbi la mraba lina upotofu wa takriban asilimia 48, lile la ngazi karibu 30 au zaidi, na inveta nzuri ya wimbi safi huwa chini ya 5. IEEE 519, kiwango cha taasisi ya wahandisi wa umeme, kinaweka ukomo wa asilimia 8 ya upotofu wa volteji kwenye mitandao isiyozidi volti 1,000. Usishtuke asilimia ya upotofu wa mkondo ikipanda alfajiri: inveta inatoa nguvu ndogo saa hizo, na asilimia kubwa ya mkondo mdogo si hatari.

Kapasita, vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme, zinahitaji uangalifu wa pekee. Ukinzani wake hushuka masafa yanapopanda, kwa hiyo harmoniki hukimbilia humo. Zikikutana na koili za jenereta au transfoma zinaweza kuitikiana na kuikuza harmoniki mojawapo hadi kapasita ivimbe na kupasuka. Kinga ni kuunganisha koili mfululizo na kapasita. Koili ya asilimia 7 (ya ukinzani wa kapasita) huhamishia mwitikio kwenye hetzi 189, chini ya harmoniki ya tano, lakini juu ya ile ya tatu. Kwenye mtandao uliojaa taa na chaja, ambako ya tatu ndiyo kubwa, chagua ya asilimia 14, inayoushusha hadi hetzi 134.

Kichujio, yaani kifaa cha kunasa harmoniki, kije baada ya hayo yote, na baada ya kupima. Tumia kipimo cha mkondo kinachosoma thamani halisi ya wimbi lolote. Kipimo cha kawaida husoma chini mkondo ukiwa umepotoka, nawe ukaamini waya uko salama. Pima kwenye jenereta na mwisho wa laini, jioni matumizi yanapokuwa makubwa, kisha usiku wa manane hita zinapobeba karibu mzigo wote. Pima pia masafa. Kichujio kilichotengenezwa kwa hetzi 250 kinategemea mtambo kubaki kwenye 50. Ukikimbia hadi 52, harmoniki ya tano inakuwa 260 na kichujio hakiikamati tena ipasavyo. Mtambo wa maji usio na mwendo thabiti urekebishwe mwendo kwanza, ndipo kichujio kiagizwe.