"Naenda hapo dukani tu"

"Naenda hapo dukani tu, helmeti ya nini?" Abiria wa bodaboda anasema hivyo huku helmeti yenyewe inaning'inia kwenye usukani. Anadhani kinachoua ni mwendo kasi tu. Hebu pikipiki iliyosimama ilale ghafla: kichwa kikianguka kutoka mita 1.5 kinaifikia lami kwa karibu kilomita 20 kwa saa. Hapo hujaenda popote bado!

Mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, ya mwaka 2008 yalionyesha helmeti hupunguza vifo kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa asilimia 69. Ila funga mkanda kidevuni. Usipoufunga, helmeti inaweza kuchomoka kabla kichwa hakijagusa chini. Na kandambili, jamani? Pikipiki ikilala, mguu ndio unaobanwa, pengine na bomba la moshi likiwa la moto.