Itifaki: mfalme na rais wakikutana, nani humtangulia mwenzake?

Itifaki, kwa maana inayotuhusu hapa, ni taratibu zinazoelekeza viongozi wa mataifa wapokewe vipi, waketi wapi, waitwe kwa vyeo gani na nani aanze kuingia ukumbini. Huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria wengi hudhani kwamba mfalme, kwa kuwa amezaliwa katika ufalme, humzidi cheo rais aliyepigiwa kura. Sivyo. Wote wawili ni wakuu wa nchi, na katika ziara ya kitaifa kila mmoja hupigiwa mizinga 21 na wimbo wa taifa lake.

Wakikusanyika wengi, desturi iliyoenea ni kutazama nani alishika madaraka mapema. Kwa mabalozi, kanuni ya tarehe, yaani aliyearifu rasmi kuwasili kwake mapema ndiye hutangulia, ilikubaliwa Vienna mwaka 1815, na kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya: mwaka 1661 misafara ya mabalozi wa Ufaransa na Hispania ilipigana katika mitaa ya London, watu wakafa, kisa ni gari la nani litangulie. Hata hivyo mwenyeji hubaki na uhuru wake, na ndiyo sababu katika mazishi ya Malkia Elizabeth II mwaka 2022 wafalme wa Ulaya waliketi mbele, ilhali Rais wa Marekani alipangiwa safu za nyuma kidogo.

Rais hadaiwi kumwinamia mfalme. Barack Obama alipoinama sana mbele ya Mfalme Akihito wa Japani mwaka 2009, waliomlaumu walikuwa Wamarekani wenzake.

Kinachotuchanganya, nadhani, ni kwamba jina la ufalme si lazima liwe la ukuu wa nchi. Kabaka wa Buganda, ng'ambo ya ziwa, ni mfalme kwa watu wake, lakini mkuu wa nchi ya Uganda ni Rais. Mtu mmoja tu, Mutesa II, aliwahi kushika nafasi zote mbili, kuanzia mwaka 1963 hadi 1966. Usukumani nako watemi, yaani machifu wa Wasukuma, waliondolewa madaraka ya utawala mwaka 1963, wakabaki na heshima ya kimila. Kwa hiyo machifu walipomsimika Rais Samia hapa Kisesa, mkoani Mwanza, Septemba 2021, na kumpa jina la Chifu Hangaya, walimpa heshima kubwa ya kimila, lakini katika meza ya wakuu wa nchi nafasi yake ilibaki ileile ya Rais wa Tanzania.