Je, wajua kijiji cha kando ya bwawa hupimwaje kama riziki yake itadumu?

Ukifika Rutamba mkoani Lindi, au Kitere kule Mtwara, mwezi wa sita, mpunga umevunwa na bonde bado lina maji, utaapa kwamba watu wa hapa hawajui njaa. Mtathmini akija siku hizo ataandika "hali nzuri", apande bodaboda arudi mjini. Kakosea tarehe tu.

Kusini mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Pesa ya korosho huingia mwishoni mwa mwaka, nafaka huvunwa katikati ya mwaka. Januari hadi Machi ghala limebaki vumbi na shamba ndiyo kwanza linapaliliwa. Kwa hiyo swali la maana si "mnapata kiasi gani?" bali "Februari mlikula nini?" Na lingine: Oktoba, jua likiwa kali, maji mlichota wapi?

Mwaka 1992 watafiti Robert Chambers na Gordon Conway walieleza kuwa riziki endelevu ni ile inayohimili misukosuko na kuinuka tena, bila kuharibu maliasili ambayo riziki hiyo inaitegemea. Hilo la mwisho ndilo gumu, maana bwawa linaweza kukushibisha leo kwa mkopo wa kesho.

Mkopo huo una dalili zake. Tazama tundu za nyavu: wavuvi wakifikia kukokota chandarua, samaki wakubwa wamekwisha. Tazama aina pia. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, huvumilia tope, perege hana. Bwawa lililokuwa na wote likianza kutoa kambale peke yake, uliza kulikoni. Halafu nenda kwa akina mama wasukaji wa mikeka, uwaulize ukindu wanaukata umbali gani siku hizi. Mimi jibu lao naliamini kuliko fomu ya kurasa ishirini. Mwisho hesabu hatua kutoka ukingoni hadi bustani ya kwanza: Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe bila shughuli za kudumu au za kuhatarisha ukingo, lakini mchicha hustawi palepale penye unyevu, na tope la jembe huishia majini.

Usidhani haya ni ya mabwawa ya mbali na pwani tu. Kwa Mkataba wa Ramsar, wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2000, ardhi oevu ni pamoja na mikoko na bahari ya kina kisichozidi mita 6 maji yakitoka. Basi watu wa pwani wa Msangamkuu, Mtwara, na Kilwa Kisiwani, Lindi, nao wamo. Huko swali la kuinuka tena lina mfano wa karibuni: Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Kusini pale Somanga, Kilwa. Anayepima vijiji vya ukanda ule aanzie hapo: maji yalipopungua, nani alikuwa na akiba kwenye kikoba, mbegu zilitoka wapi, na nani alilazimika kukata mikoko apate cha kuuza.