Garrard 301: mngurumo unatoka wapi

Mtu akikwambia Garrard 301 hunguruma kwa asili yake, muulize mara ya mwisho ilifunguliwa lini. Mashine hii ya santuri ilianza kutoka kiwandani Swindon, Uingereza, mwaka 1954, na nyingi zilizobaki zina grisi iliyoganda ikawa kama nta. Unachosikia ni uchafu, uchakavu na springi zilizochoka. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: usinunue kifaa chochote cha kuiboresha kabla hujaisafisha yote.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi. Mota ya induksheni ya poli nne huzungusha puli ndogo yenye ngazi tatu, moja kwa kila spidi: mizunguko 33⅓, 45 na 78 kwa dakika. Puli husukuma gurudumu la mpira, nalo husukuma ukingo wa ndani wa sahani. (Hapa sahani ni lile duara zito la alumini, kinachopigwa juu yake nakiita santuri.) Mkanda hakuna. Ndiyo maana mashine ina nguvu, na sindano ikifika penye kishindo cha muziki sahani haitetereki. Gharama yake ni kwamba mtetemo wa mota una njia fupi sana ya kuifikia sindano.

Kabla ya kushika bisibisi, shika saa. Kwa spidi ya 33⅓ sahani humaliza mzunguko kila sekunde 1.8. Kishindo kinachorudi kila sekunde 1.8 kinatokana na santuri yenyewe, sahani, au beringi kuu inayoibeba sahani. Kikirudi mara kadhaa ndani ya mzunguko mmoja, tu-tu-tu, basi gurudumu la mpira limepata ubapa, kwa kawaida baada ya kuachwa limebanwa kwenye puli miaka mingi. Mvumo wa chini usiokatika ni wa mota. Lakini mvumo nao una aina mbili. Nyanyua sindano, acha mota ikizunguka, kisha sogeza mkono wa mashine, ule unaobeba sindano, taratibu kuelekea katikati. Sauti ikizidi kadiri mkono unavyoingia ndani, huo ni usumaku wa mota unaopenya kwenye katriji (kile kichwa chenye sindano kinachogeuza mtetemo kuwa umeme), na kusafisha hakutasaidia kitu. Hapo dawa ni katriji yenye ngao nzuri ya chuma.

Sasa chomoa plagi. Chini ya mashine utakuta kibao cha kuungia waya za mota. Mota ina koili mbili: zikiungwa kwa mfululizo hupokea volti 200 hadi 250, zikiungwa sambamba hupokea 100 hadi 130. Mashine iliyovuka bahari mara nyingi haijabadilishwa, kwa hiyo angalia kabla ya kuichomeka, si baada ya kunusa harufu. Angalia na puli. Ya hezi 60 ikitumika kwenye umeme wa hezi 50, spidi ya 33⅓ hushuka hadi karibu 28, na hakuna kitufe kitakachoirekebisha. Waya zenye mpira uliopasuka zitolewe zote. Kapasita ya kuzuia cheche kwenye swichi nayo ibadilishwe, na mpya iwe ya daraja X2, iliyotengenezwa kwa umeme wa mtandao. Ya kawaida yenye namba zilezile haifai, kwa sababu ikifa inaweza kupitisha umeme na kuwaka. Fremu ya alumini iende kwenye athi ya plagi; waya wa athi wa mkono uende kwenye kikuza sauti peke yake. Ukiziunganisha mbili hizo, umejitengenezea mvumo mwingine.

Mota ndiyo kazi yenyewe. Inaning'inia kwenye springi ili mtetemo wake usifike kwenye fremu, na springi za juu na za chini hazifanani, basi piga picha kabla ya kuzitoa. Weka alama ya penseli ubavuni, ikipita kwenye vipande vyote vya ganda la mota, ili virudi vilivyokuwa. Ndani kuna bushi mbili za shaba ambamo mhimili huzunguka, kila moja na felti inayohifadhi oili. Futa mhimili kwa pombe ya isopropili hadi kitambaa kitoke kisafi. Bushi zenyewe zina vinyweleo vinavyonywa oili. Ukiziosha kwa pombe na kuzirudisha kavu, zitasaga mhimili. Zilowekwe kwenye oili nyepesi ya madini usiku kucha, na felti zishibe pia. Oili ya kupuliza ya kulegeza kutu isitumike kabisa: siku ya kwanza mota huzunguka vizuri ajabu, kisha sehemu kubwa huyeyuka hewani na chuma hubaki kinasugua chuma.

Unapofunga, kaza bolti kwa kukatiza pembe, robo zamu kwa kila moja, huku ukizungusha mhimili kwa vidole. Ukihisi unakaza, gonga ganda kidogo kwa mpini wa bisibisi. Bushi zitajipanga na mhimili utaachia. Unauhisi kabisa kwenye vidole. Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka, halafu wanalaumu mota. Kipimo changu ni rahisi: washa, zima, hesabu sekunde hadi mhimili usimame, gurudumu likiwa halijaugusa. Linganisha na hesabu uliyochukua kabla ya kufungua. Ikiwa imepungua, fungua tena.

Beringi kuu ziko za namna mbili. Matoleo ya awali hutumia grisi, na utayajua kwa kifuniko kidogo cha skrubu kinachosukumia grisi ndani. Ya baadaye hutumia oili. Usibadilishane. Oili ikiwekwa kwenye beringi ya grisi itavuja chini, na grisi kwenye beringi ya oili hufanya sahani iwe nzito. Toa bamba la chini uangalie pedi ambayo mhimili wa sahani unaikalia. Ukiona kishimo kinachoshika ukucha, pedi hiyo imekwisha, na pengine mngurumo wako wote ulianzia hapo.

Gurudumu la mpira lifutwe kwa isopropili, sawa na puli na ukingo wa ndani wa sahani. Petroli hulainisha mpira na kuuvimbisha. Ubapa mdogo wakati mwingine huondoka mashine ikizunguka saa kadhaa. Usipoondoka, nunua gurudumu jipya, na msasa uuache mahali pake. Kwa mkono huwezi kupata duara kamili, na kila kosa la sehemu ndogo ya milimita utalisikia.

Kitufe cha kurekebisha spidi huwachanganya wengi. Kinasogeza sumaku karibu na diski ya alumini iliyo kwenye mota, na sumaku hiyo hupunguza mwendo tu. Haiongezi. Kwa hiyo mashine ikiwa nyuma hata kitufe kikiwa mwisho wa upande wa kasi, kuna mahali panasugua: oili nzito, bushi zisizopangika, au breki inayogusa sahani.

Baada ya hapo ndipo fedha itoke, na ianzie kwenye sanduku. 301 iliuzwa bila sanduku, na masanduku mepesi yaliyo wazi ndani huitikia kama ngoma. Tabaka nne au tano za plaiwudi ya milimita 18 zilizogundishwa zinatosha, mradi mota isiguse mbao popote. Uso wa juu uwe umenyooka kabisa. Fremu ya alumini ikibanwa juu ya mbao iliyopinda nayo hupinda, kisha vyuma vya kubadilishia spidi vinakwama. Rangi mpya na sahani za kisasa ziko mwisho kabisa wa orodha yangu, kama zimo.

Mkono na katriji vichaguliwe pamoja. Zidisha uzito wote kwa ulegevu wa sindano, gawanya 159 kwa kipeuo cha pili cha zao hilo, na jibu, yaani hezi ambazo mkono na katriji hutetemekea vyenyewe, liangukie kati ya 8 na 12. Mkono wa gramu 14, katriji ya gramu 8.5 na skrubu za gramu 1.5 ni gramu 24. Ulegevu ukiwa 10, unapata kama 10.3.

Mwisho pima spidi, lakini iache mashine izunguke nusu saa kwanza ili oili ipate joto. Chini ya taa ya umeme wa hezi 50, duara lenye mistari 180 litaonekana limesimama kwenye 33⅓. Kwa hezi 60 mistari ni 216. Taa nyingi za LED hazipepesi ipasavyo, tumia ya neoni. Na upime sindano ikiwa juu ya santuri, maana nayo huvuta.