Kufuta komenti hakuifanyi skripti iwe na spidi

Wiki iliyopita dogo mmoja tunayefanya naye kazi alifuta komenti zote, yale maelezo ya kumsaidia mtu anayesoma programu, kwenye skripti ya Python inayotoa ripoti ya malipo, mistari kama 200 hivi, akaniambia kaka nimeipunguzia mzigo. Tukairun, dakika nne vilevile kama jana. Na kati ya alizofuta kulikuwa na ile inayoeleza kwa nini malipo ya tarehe 31 usiku yanahesabiwa mwezi unaofuata, hiyo iliniuma sana maana aliyeiandika keshahama, bila Git, inayotunza matoleo ya zamani ya faili, tungeipoteza jumla.

Watu wanaamini mashine inaisoma komenti kila ikipita pale. Hapana jamani. Python kwanza inasoma faili lote na kuligeuza baitikodi, yaani maelekezo mafupi ambayo Python inayafuata, komenti zinaachwa hapohapo mlangoni, kinachorun ni baitikodi. Jaribu mwenyewe: andika fankshoni ya mistari miwili uiangalie kwa moduli ya dis, inayoonyesha hiyo baitikodi, halafu ijaze komenti 1,000 katikati uiangalie tena, maelekezo ni yaleyale, zimebadilika namba za mistari tu. Kwa hiyo hata lupu, sehemu inayojirudia, ikizunguka mara milioni, komenti ilishasomwa mara moja basi, na kwa moduli unazoimport hata hiyo mara moja hairudiwi kila siku kwa sababu baitikodi inatunzwa kwenye folda ya __pycache__.

Docstring ni kitu kingine, zile za nukuu tatu zinazoeleza kazi ya fankshoni. Zinabaki kwenye memori mpaka urun Python na swichi ya -OO, ila fankshoni haichelewi kwa ajili yake.

Kwenye PHP, lugha ya tovuti upande wa seva, OPcache inayotunza faili likishageuzwa inakuja na PHP yenyewe tangu toleo la 5.5 la 2013, ikiwa imewashwa seva haigeuzi faili upya kila mtu akifungua ukurasa. Tafadhali usikimbilie kuzima opcache.save_comments, mpangilio unaobakiza komenti, ukidhani unaokoa kitu, kuna laibrari kama Doctrine zinaweza kusoma maelekezo yao ndani ya komenti, utavunja sistimu.

JavaScript ndiyo ina ukweli kidogo, maana faili linasafiri hadi kwenye simu ya mtu na yeye ndiye analipia bando. Dawa yake ni kulipitisha kwenye Terser, programu inayoondoa komenti na nafasi zisizohitajika, kabla ya kulipandisha, kodi (code) yako ya kufanyia kazi ibaki na komenti zake. Na kweli zamani injini ya V8, ile ya Chrome na Node, ilikuwa inapima fankshoni kwa urefu wa maandishi, komenti zikihesabiwa humo, ukizidi herufi 600 haiunganishwi ndani ya fankshoni inayoiita, so komenti ndefu iliweza kukupunguzia spidi. Hilo liliisha 2017 TurboFan, kompaila mpya ya V8, ilipochukua nafasi.

Faili za .bat za Windows nazo zina haki ya kulaumiwa, kwa sababu cmd, programu inayoziendesha, inasoma mstari kwa mstari huku inarun, ukirudi nyuma kwa GOTO inasoma na REM zako, yaani mistari ya komenti, tena. BASIC ya Commodore 64 ilikuwa hivyohivyo, REM inakaa kwenye memori na inakula nafasi, nadhani imani yenyewe ilianzia huko.

Ile ripoti yetu tatizo lilikuwa kweri iliyokaa ndani ya lupu, kila mteja inaenda kuuliza databesi peke yake. Tumeitoa nje ikawa kweri moja, sasa hivi sekunde tisa. Na komenti ya tarehe 31 nimeirudisha mahali pake.