Kutibu upungufu wa damu kwa mtoto mdogo: maana ya kujaza akiba ya chuma

Muuguzi akikwambia damu ya mtoto ni 8, hana maana kwamba damu imepungua kama maji ya mtungini. Anataja himoglobini, ile protini iliyo ndani ya chembe nyekundu na inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, chini ya gramu 11 kwa desilita (mililita 100) ya damu ni upungufu wa damu. Himoglobini haitengenezeki bila madini ya chuma. Chuma kikikosekana, chembe hutoka ndogo na zilizopauka. Viganja na ndani ya kope hupoteza wekundu, mtoto huchoka upesi, hukataa chakula, pengine huanza kula udongo.

Ila himoglobini ndiyo ya mwisho kushuka. Mwili una akiba ya chuma, sehemu kubwa ikiwa kwenye ini. Mtoto aliyetimiza miezi tumboni huzaliwa na akiba ya kumfikisha takribani miezi 6. Njiti huja na akiba ndogo zaidi. Baada ya hapo maziwa ya mama pekee hayatoshi kwa chuma, ndiyo maana vyakula kama nyama, ini na kunde huhitajika mapema. Vinapokosekana, akiba huliwa kimyakimya, na damu hupauka ghala likiwa limeshakauka.

Matibabu hufuata njia hiyohiyo kinyumenyume: damu hupona kwanza, akiba hujaa baadaye. Dozi ya kawaida ni miligramu 3 hadi 6 za chuma chenyewe kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Nasisitiza "chuma chenyewe", kwa sababu dawa ni chumvi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na kemikali nyingine, na namba iliyo kwenye chupa inaweza kuwa ya chumvi nzima. Mwachie mhudumu wa afya hesabu hiyo, kisha upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na dawa, si kwa kijiko cha jikoni.

Dawa ikifanya kazi, himoglobini hupanda kwa gramu 1 hivi ndani ya wiki 4. Hapa ndipo wazazi wengi huacha, na ninawaelewa: mtoto anacheza, anakula, na kumnywesha kila siku ni vita. Lakini kilichopona ni damu tu. Dawa huendelea miezi 2 hadi 3 baada ya himoglobini kurudi sawa, ili akiba ijae. Ukikatisha, ugonjwa hurudi, na chuma hicho hicho kinahitajiwa na ubongo unaokua.

Dawa ifuatane na juisi ya tunda lenye vitamini C, ikae mbali na maziwa na chai. Choo kitakuwa cheusi. Hilo ni la kawaida. Idondoshe nyuma ya ulimi isipake meno rangi. Na chupa ifungiwe juu kabisa, maana chuma kingi kwa mara moja kinaweza kumuua mtoto.

Himoglobini isipopanda, usiongeze dozi mwenyewe. Je, dawa inanyweka kweli? Anakunywa maziwa ya ng'ombe zaidi ya nusu lita kwa siku na kuacha chakula? Ana minyoo ya safura inayomnyonya damu? Au ni ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, kama selimundu au thalasemia, ambao chuma peke yake hakiuponyi? Penye malaria, kinga na matibabu ya malaria huenda sambamba na chuma. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi chuma siku za mwanzo. Husubiriwa hadi arudiwe na hamu ya kula na aanze kuongezeka uzito.

Mtoto aliyepauka sana na anayehema kwa shida, au aliyelegea, hasubiri dawa ya maji. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwani huenda akahitaji kuongezewa damu.