Mama akiolewa tena, je, baba anaacha kutoa matunzo?

Wengi wanaamini kwamba mwanamke aliyeachika akiolewa tena, matunzo ya watoto yanahamia kwa mume mpya. "Si ameshapata wa kumlisha?" Na baba akioa upya, husemwa kwamba familia mpya ndiyo ya kwanza.

Imani hiyo haikutoka hewani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inasema kweli kwamba matunzo ya mtalaka mwenyewe hukoma akiolewa. Tatizo ni kuchanganya mafungu mawili ya matunzo. La mtoto ni fungu tofauti: baba anawajibika kumpa malazi, mavazi, chakula na elimu kadiri ya uwezo wake, hata mtoto akiishi kwa mtu mwingine. Mume mpya wa mama hafuti hilo.

Kiasi ndicho kinachoweza kubadilika. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka mahakama itazame kipato cha wazazi wote wawili, gharama za maisha anakoishi mtoto, na watoto wengine wanaomtegemea mlipaji. Kwa hiyo baba aliyeongeza watoto ana haki ya kuomba apunguziwe. Kuacha kutuma kimyakimya ni jambo lingine kabisa, maana amri ya mahakama haijifuti.

Una hukumu ya talaka kabatini? Itoe, usome imeandika "matunzo ya mtoto" au ya mke, maana mara nyingi yote mawili yamo kwenye karatasi moja. Ukikwama, afisa ustawi wa jamii wa wilaya atakusomea.